Doa jeusi chini ya meno ya bandia: kisa cha melanoma ya kaakaa, Mombasa

Ripoti ya kwanza ya maabara ilisema mgonjwa ana uvimbe mbaya wa kaakaa, na kwamba asili ya seli zake bado haijajulikana. Ilipofika nyumbani, ripoti hiyo ikawa "kansa ya mdomo" basi. Watu wakaanza kuchangisha pesa, kuuliza bei za dawa, kupiga simu India na kupanga upasuaji, kabla hajatokea mtu wa kuwaambia ni kansa gani. Ndiyo sababu nimeamua kukiandika kisa hiki. Mdomoni hutokea kansa za aina nyingi. Tiba ya kinga, yaani dawa zinazoiachia kinga ya mwili ishambulie kansa, ambayo siku hizi kila mtu ameshaisikia, haifanyi kazi sawa kwa kila aina, wala haitolewi kwa utaratibu mmoja.

Mgonjwa ni mama wa miaka 63, mkazi wa Majengo, aliyekuwa akiuza mahamri na mbaazi asubuhi. Nimebadilisha mambo kadhaa ya maisha yake asije akatambulika. Meno ya juu aling'olewa zamani, akawa anavaa meno ya bandia ya plastiki, yale yanayofunika kaakaa lote. Yalipoanza kucheza aliyarudisha kwa fundi aliyemtengenezea. Fundi akakwangua plastiki kidogo upande wa kulia, yakakaa. Miezi ikapita, yakalegea tena, yakakwanguliwa tena. Meno hayakuwa na kasoro yoyote. Kaakaa ndilo lililokuwa likiinuka.

Alipokuja kwangu, mimi ni daktari wa meno, alitaka meno mapya. Nikamwomba ayatoe yale ya zamani. Chini yake palikuwa na doa la upana wa sentimita 3 hivi, kingo zimekatika ovyo, sehemu kahawia, sehemu nyeusi ti, na kando yake vidoa vingine vidogo vilivyojitenga. Katikati kulikuwa na kinundu laini. Nilikigusa kwa pamba, pamba ikarudi na damu. Maumivu hakuwa nayo hata kidogo.

"Mwanangu, doa hilo ni la siku nyingi," akaniambia. "Hata ufizi wangu ni mweusi, na wa mamangu ulikuwa hivyo hivyo."

Alisema kweli kuhusu ufizi. Wengi wetu tuna weusi mdomoni tuliozaliwa nao, na hauna neno: umelala, umefanana kulia na kushoto, haubadiliki mwaka nenda mwaka rudi. Kuna weusi mwingine usio na madhara makubwa pia. Chembe za amalgamu, ile madini ya kuzibia jino, zikiingia kwenye ufizi huacha alama ya buluu. Sigara huleta weusi wake. Klorokwini ikitumiwa muda mrefu hulipaka kaakaa rangi ya kijivu. Na hapa kwetu, uvimbe wenye rangi kwenye kaakaa hutufanya tufikirie kwanza kansa iitwayo sarkoma ya Kaposi, hasa kwa mwenye virusi vya Ukimwi. Kipimo cha HIV kilikuwa safi. Lakini doa la upande mmoja, lenye rangi zaidi ya moja, linaloinuka na kutoa damu, halingojwi. Hukatwa kipande kikapimwa.

Kipande cha kwanza kilitoka kwenye kinundu, sehemu ambayo haikuwa na rangi nyingi. Chini ya darubini zilionekana seli mbaya zisizo na umbo la kuzitambulisha. Ndipo ikatoka ile ripoti ya kwanza. Sampuli ikapelekwa Nairobi kupakwa rangi maalumu zinazoshika protini za seli. Majibu yakarudi: S100, SOX10, HMB-45 na Melan-A zote zimeshika, keratini haikushika. Maana yake chanzo hakikuwa ngozi laini inayofunika ndani ya mdomo, ambako kansa nyingi za mdomo huanzia. Ilianzia kwenye seli zinazotengeneza melanini, ile rangi nyeusi ya mwili. Kwa jina kamili ni melanoma ya utando wa mdomo.

Ni ugonjwa wa nadra. Melanoma zote za utando, yaani za pua, mdomo, njia ya haja kubwa na uke, hazizidi sana asilimia 1 ya melanoma zote, na za mdomo ni sehemu tu ya hizo. Zikitokea mdomoni hupenda kaakaa gumu na ufizi wa juu. Jua halihusiki.

Hapo kwenye chanzo palizuka mzozo nyumbani. Kijana wake mkubwa alishikilia kuwa ni tambuu, kwa kuwa mama amekula tambuu tangu ujana, na akawa anamlaumu mbele ya wageni. Nilimwita kando. Tambuu si jambo la kutetea: popoo iliyo ndani yake, hata bila tumbaku, iliwekwa na shirika la utafiti wa saratani la WHO katika kundi la vitu vinavyosababisha kansa kwa binadamu. Lakini kansa inayoletwa na popoo ni ile ya kawaida, ya seli bapa, ambayo huanzia mara nyingi shavuni na ulimini. Melanoma ya kaakaa haina uhusiano uliothibitishwa na tambuu, wala na muguka, wala na meno ya bandia. Mama alistahili kutolewa lawama hiyo, na kijana akamwomba radhi siku hiyo hiyo.

Kwa kansa nyingi za mdomo tunahesabu ukubwa wa uvimbe kuanzia T1. Kwa melanoma ya utando wa kichwa na shingo, T1 na T2 hazipo kabisa. Hesabu inaanzia T3, hata doa likiwa jembamba, kwa sababu ugonjwa wenyewe ni mkali tangu mwanzo. Familia ilidhani tumekosea kuandika. CT skani ya kifua nayo ikaonyesha vinundu kadhaa kwenye mapafu yote mawili. Kichwani hapakuwa na kitu.

Vinundu hivyo vilibadilisha mpango mzima. Kama ugonjwa ungekuwa mdomoni tu, upasuaji ungetangulia: kutoa sehemu ya taya la juu, kuziba tundu kwa kifaa cha plastiki ili chakula kisipande puani, kisha mionzi. Ukishafika mapafuni, kukata taya kunampa mgonjwa majeraha bila kumwondolea maradhi. Ilikuwa kazi kubwa kuwaeleza watu ambao tayari walikuwa wameulizia bei ya upasuaji na kupata tarehe. Watoto wawili hawakuniamini, wakaenda kuuliza kwingine, wakarudi na jibu lile lile. Sikuona ubaya. Jambo la uzito huo liulizwe mara mbili.

Tulituma pia sampuli kutafuta mabadiliko ya jeni ya BRAF na KIT. BRAF huonekana sana kwenye melanoma za ngozi na mara chache kwenye za utando, lakini KIT hupatikana kwa baadhi ya wagonjwa wa utando, na ikipatikana kuna kidonge, imatinib, ambacho kimeshazoeleka nchini kwa kansa ya damu na ni nafuu mno kuliko dawa za kinga. Kwa mgonjwa wa Pwani asiye na pesa, kipimo hicho ni cha maana hata kama uwezekano ni mdogo. Majibu yalikuwa hapana kwa zote mbili.

Ikabaki tiba ya kinga. Seli za kinga aina ya T zina protini inayoitwa PD-1. Protini nyingine, PD-L1, ikiigusa, seli ya T hutulia na kuacha kushambulia. Mwili una mpango huo ili kinga isije ikaharibu viungo vyake vyenyewe. Kansa nyingi hujipaka PD-L1 na kuachwa zipite. Dawa kama pembrolizumab na nivolumab hufunika PD-1 ili isiguswe. Ipilimumab hufanya kazi kama hiyo kwenye protini nyingine, CTLA-4, na ndiyo iliyotangulia kuidhinishwa kwa melanoma huko Marekani mwaka 2011. James Allison na Tasuku Honjo walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2018 kwa ugunduzi huo.

Kijana wa pili ni wakala wa kutoa mizigo bandarini. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Kwa hivyo kansa inatoa kitu kidogo ipite, na hii dawa inaufunga mkono wa kupokea." Nimekuwa nikilitumia jibu lake kwa wagonjwa wengine tangu siku hiyo.

Huyo huyo ndiye aliyekuja na habari mbili alizosoma kwenye simu. Ya kwanza: mwezi Juni 2025 Marekani iliidhinisha pembrolizumab itolewe kabla ya upasuaji na baada yake kwa kansa za kichwa na shingo. Kwa nini mama asipewe hivyo? Ya pili ilitoka India, ambako jamaa zao wawili wamewahi kutibiwa: madaktari wa Mumbai walitumia nivolumab ya miligramu 20 tu kila wiki 3, kiasi kidogo sana kuliko dozi ya kawaida, wakiichanganya na vidonge vya kemo vya kila siku au kila wiki. Waliofikisha mwaka mmoja wakiwa hai walipanda kutoka asilimia 16.3 hadi 43.4.

Habari zote mbili ni za kweli, na zote mbili hazimhusu mama. Zinahusu kansa ya seli bapa. Kwa kansa hiyo maabara hupima pia PD-L1 ili kujua nani anafaa kupewa pembrolizumab, kipimo ambacho familia ilikuwa tayari imekilipia kwa ushauri wa mtu wa dukani. Kwa melanoma dawa hutolewa bila kungoja kipimo hicho. Ule utafiti wa India, lakini, naukumbuka kila ninapoona mgonjwa wa kansa ya kawaida ya ulimi au shavu iliyorudi na isiyokatika tena. Huo ndio uliofanywa kwa watu wenye mifuko kama yetu, na nashangaa kuwa hautajwi zaidi katika vikao vya madaktari wa Pwani.

Takwimu zinazomhusu mama huyu hazikuwa tamu. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2017 ulikusanya wagonjwa wa majaribio kadhaa ya nivolumab. Uvimbe ulipungua kwa asilimia 23 ya wenye melanoma ya utando, wakati kwa wenye melanoma ya ngozi ilikuwa asilimia 41. Nivolumab ikichanganywa na ipilimumab, asilimia 37 kwa 60. Madhara makali yalipanda nayo: kwa wagonjwa wa utando, karibu 8 katika kila 100 kwa dawa moja, na 40 katika kila 100 kwa dawa mbili. Nilimwambia mama kwa lugha nyepesi: katika watu wanne wenye ugonjwa kama wako wanaopata dawa moja, mmoja hivi hufaidika kwa kiasi cha kuonekana kwenye picha. Akauliza, "Na hao watatu?" Nikamwambia ugonjwa huendelea, na tutakuwa tumetumia pesa. Akanyamaza kidogo, akasema basi wajaribu, ila shamba la Kilifi lisiuzwe.

Pesa. Mwaka 2025 SHA, bima ya afya ya taifa, ililipia matibabu ya saratani hadi shilingi 400,000 kwa kaya kwa mwaka, na 150,000 zaidi kutoka mfuko wa magonjwa sugu na ya dharura. Dozi ya pembrolizumab ni miligramu 200 kila wiki 3, yaani chupa 2, na bei waliyopewa ya chupa hizo ilimeza sehemu kubwa ya jumla hiyo kwa mkupuo mmoja. WHO iliziweka pembrolizumab na nivolumab kwenye orodha ya dawa muhimu tangu 2019, na ugonjwa wa kwanza kutajwa ulikuwa melanoma iliyosambaa. Kutajwa kwenye orodha hakujashusha bei dukani.

Kamati ya mchango ilikaa nyumbani kwa kaka yake huko Kisauni. Wengi walitaka dozi ya kwanza itolewe mara moja kwa pesa iliyopo, nyingine Mungu atajalia. Nilipinga, na bado naona nilikuwa na haki. Dawa hii haionyeshi kazi yake haraka, picha ya kwanza yenye maana hupigwa karibu na wiki ya 12. Mtu akipata dozi mbili akakatika, hajui kama imefanya kazi au la, na pesa imekwenda bila hata jibu. Nikawaomba watafute kwanza pesa ya dozi 4, ya skani moja, na akiba ya kulazwa endapo madhara yatatokea. Kama hazipatikani, tusianze, twende kwenye mionzi na matunzo ya kupunguza maumivu, ambayo nayo ni tiba. Haikuwa rahisi kulisema hilo mbele ya wajukuu. Pesa ilipatikana baada ya wiki chache, nyingine ikitoka kwa watu wa msikitini na wateja wake wa mahamri.

Kabla ya dozi ya kwanza alipimwa ini, figo, sukari, homoni ya thairoidi, tezi ya shingoni, homa ya ini aina ya B na kifua kikuu. Hivi viwili vya mwisho havipuuzwi hapa kwetu, kwa sababu madhara yakitokea tutalazimika kutoa steroidi, dawa za kuituliza kinga, na steroidi huamsha maradhi yaliyolala. Chupa zilikuja kwa ndege kutoka Nairobi ndani ya sanduku la baridi. Muuguzi alisoma kwanza kipimajoto kilichokuwa ndani, digrii 5, ndipo akatia sahihi. Dawa hii hukaa kati ya digrii 2 na 8, haigandishwi wala haitikiswi. Dripu yenyewe ni nusu saa. Mama alikuwa amejiandaa kutapika na kunyonyoka nywele, akashangaa kuambiwa ainuke aende nyumbani.

Wiki ya 6 kinundu kilivimba na kutoa damu zaidi. Simu zikawa nyingi, na shangazi mmoja alishamwandalia dawa za mizizi. Ni kweli kwamba mara chache, chini ya mgonjwa mmoja katika kumi, uvimbe hukua kwanza kwa sababu seli za kinga zinajaa ndani yake, kisha husinyaa. Mara nyingi zaidi, kukua ni kukua. Kilichotusaidia kuamua ni yeye mwenyewe: alikuwa anakula, uzito haujashuka, hakohoi. Tukaendelea. Za mizizi nilimsihi aziweke kando, hasa kwa ajili ya ini.

Picha ya wiki ya 12 ilionyesha vinundu vya mapafu vimepungua kwa karibu nusu. Kinundu cha kaakaa kilikuwa kimelala, damu imekatika. Ila doa lilibaki jeusi vile vile, na familia ikavunjika moyo. Tulikata kipande kidogo tena. Weusi mwingi ulikuwa melanini iliyomezwa na seli za usafi za mwili baada ya seli za kansa kufa. Ukingoni tu ndiko kulikobaki seli hai chache. Mtu akitazama rangi peke yake angesema dawa imeshindwa.

Kabla ya picha hiyo, siku chache baada ya dozi ya nne, alianza kuharisha, mara sita zaidi ya kawaida yake kwa siku, na tumbo likisokota. Alipelekwa zahanati ya jirani. Akapimwa homa ya matumbo kwa kile kipimo cha haraka ambacho hapa mjini humkuta karibu kila mtu nayo, akapewa Flagyl na antibiotiki nyingine. Kadi inayosema anatumia dawa ya kinga ilikuwa kwenye mkoba, ndani ya kabati, nyumbani. Siku ya tatu bintiye akampigia muuguzi. Kinyesi kilipimwa, hakikuwa na minyoo wala vijidudu. Tatizo lilikuwa utumbo mpana uliovimba kwa kushambuliwa na kinga yake mwenyewe. Alianza prednisoloni miligramu 60 kwa siku, miligramu 1 kwa kila kilo ya uzito wake, na ndani ya siku 4 choo kilirudi karibu na kawaida. Dozi ikashushwa polepole kwa wiki 6. Waliowahi kuikata ghafla wanajua jinsi tumbo linavyorudi kwa hasira.

Damu ya kipindi hicho ilionyesha pia thairoidi imelegea. Hilo halihitaji steroidi wala halizuii tiba. Anameza kidonge cha homoni kila asubuhi kabla ya kula, na huenda akakimeza maisha yake yote. Uchovu ambao watoto walidhani ni kansa ulipungua baada ya mwezi.

Sasa tulikuwa na mgonjwa aliyefaidika, utumbo uliopona, na salio la kununua dozi mbili. Daktari wa saratani alitaka tuendelee, na mwongozo unamruhusu: uharishaji wa kiwango hicho ukitulia, dawa inaweza kurudiwa. Mimi niliona tusimame. Wagonjwa wa melanoma walioacha dawa mbili za kinga kwa sababu ya madhara walifuatiliwa, na wengi waliokuwa wamefaidika hawakupoteza faida yao kwa kuacha. Kwa dawa moja na kwa melanoma ya utando ushahidi huo ni mwembamba zaidi, nakubali. Lakini dozi mbili zingemaliza akiba yote, na tumbo likirudi tena hakuna wa kumlipia kitanda.

Tulimweleza mama pande zote mbili, akachagua kusimama. Mabaki ya kaakaa yamepigwa mionzi hapa hapa Mombasa. Vidonda vya mdomo vilimtesa kwa wiki kadhaa, akawa anaishi kwa uji na maziwa. Skani iliyofuata ilikuta mapafu yako vile vile, hayajaongezeka wala kupungua. Meno mapya anayataka bado, na jibu langu ni hapana kwa sasa: ngozi iliyopigwa mionzi ni nyepesi, na nahitaji kuliona kaakaa hilo kila akija. Skani nyingine ni mwezi ujao. Pesa yake imeshawekwa kando. Ya dozi haijawekwa, na kamati imekubaliana isichangishwe mpaka picha isomwe.